Prosesa ya Damian

Jumatatu, 10 Machi 2003

Masika yameanza leo saa tisa alasiri, tukiwa kwenye kipindi cha Fizikia. Bati la darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu akaacha kufundisha, akakaa tu anatutazama.

Nimefika nyumbani Uru nimelowa. Nikavuta kasha la kompyuta kutoka mvunguni na kulifuta vumbi. Kaka yangu Damian aliijenga kipande kimoja kimoja kwa miaka miwili, kila alipopata kibarua: kwanza kasha, kisha bodi, kisha hadidiski, kisha monita ya mtumba. Alitaka kompyuta ya kuchezea gemu, hasa ule mchezo wa kujenga mji, na aliniahidi kwamba mimi ndiye nitakayepanga barabara. Kilichobaki ni prosesa tu, ule ubongo wake. Tarehe 14 Juni mwaka jana alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, siku ya tatu tangu alipoanza kulalamika kichwa.

Katikati ya bodi kuna mraba mweupe wenye matundu madogo. Hapo ndipo prosesa hukaa. Kitabu cha bodi kinasema matundu 462. Nimeyahesabu kwa ncha ya sindano, mara mbili. Napata 453.

Jumanne, 11 Machi

Nimehesabu tena. 453.

Jumatano, 12 Machi

Kwetu, vitu vya marehemu hugawiwa na ukoo siku chache baada ya mazishi. Huyu anapewa koti, yule viatu, na baada ya hapo watu wanarudi kwenye kazi zao. Vya Damian havikugawiwa. Mama alivifungia kwenye sanduku, na ufunguo anautembeza kwenye pindo la khanga. Baba hakumlazimisha. Lakini sasa baba mkubwa Theodory ameleta ujumbe kutoka Sanya Juu: siku ya misa ya mwaka, tarehe 14 Juni, kila kitu kitagawiwa. Kompyuta nayo itakwenda.

Nataka iwake kabla haijaenda. Nina fedha za zawadi ya kipaimara, sijazigusa.

Alhamisi, 13 Machi

Leo hatuna kipindi cha mwisho, kwa hiyo nimepita mjini kwenye duka la kompyuta lililofunguliwa Januari karibu na soko. Mwenye duka ni fundi Ebenezeri, Mpare kutoka Same. Kulikuwa na wanaume wanne wamekaa kwenye benchi. Niliposema nataka kuuliza habari za prosesa, mmoja aliniambia, "Dada, saluni ni mlango unaofuata." Wakacheka. Mimi nikiwa na aibu masikio huanza kuvuma, sisikii hata ninachosema.

Fundi aliuliza nani amenituma.

Nikasema, "Kaka."

Basi kicheko kikaisha. Wakanipisha nafasi. Nikauliza kwa niaba ya kaka kwa nini matundu hayatimii, na fundi akajibu kwa heshima, kana kwamba kaka amesimama nyuma yangu: tisa yamezibwa makusudi, ili mtu asiichomeke prosesa kinyume. Akasema kaka yangu ni mtu makini, wateja wake wengine hata hawajui kama kuna matundu.

Njia nzima nilijisikia vizuri. Sikuwa nimesema uongo kabisa. Ni yeye aliyenituma, kwa namna fulani.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi aliuliza jina la kaka. Nimemwambia, nikaongeza kwamba ana mitihani shuleni.

Kuna prosesa mbili zinazoingia kwenye bodi yetu. Ya kwanza ni Athlon XP ya mtumba, imeandikwa 1800+. Ya pili ni Duron ya gigahezi moja nukta tatu, nayo bei yake ni ndogo zaidi. Wale wa kwenye benchi wote walipiga kura Athlon. Mmoja alisema Duron ni ya kuandikia barua za posa. Fundi alichukua kipande cha karatasi akaandika: *Bw. Damian, habari za mitihani. Angalia basi ya bodi yako, ni mia au mia na thelathini na tatu? Nijibu.* Akaikunja na kunipa.

Nimeiweka ndani ya kasha. Kitabu kinasema basi, yaani mwendo wa bodi yenyewe, ni mia.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Mtori wa ndizi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya misa nimeandika jibu. Damian alikuwa akiikata saba yake kwa mstari na kuandika Z kama ya kwenye vitabu vya zamani. Nimeziiga. Nilipomaliza niliitazama ile karatasi muda mrefu, nikaificha mama alipopita mlangoni. Mama aliuliza nasoma nini. Nilisema Fizikia.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepeleka barua. Fundi ameisoma kwa sauti na kucheka mahali ambapo nilidhani atacheka. Ameandika nyingine.

Alhamisi, 3 Aprili

Sijui niandikeje hili. Nitaliandika kama lilivyotokea.

Nilifika dukani saa nane na nusu. Fundi alikuwa peke yake, anapuliza vumbi kwenye feni. Kabla sijasalimia aliniambia, "Umepishana na kaka yako. Ametoka sasa hivi."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Alisema alijua ni yeye mara moja, tunafanana paji la uso. Kijana mrefu, mpole, hasemi sana. Sweta la kijani, limefumuka kola upande wa kushoto. Alikaa mwisho wa benchi akaangalia zile prosesa mbili kwenye kioo, akauliza kuhusu basi ya bodi, kisha akaondoka.

Sijawahi kumwambia fundi habari ya sweta la Damian.

Nimepanda hadi Uru kwa miguu bila kusimama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka Rau, na ng'ombe wa watu walikuwa wanalia ndani ya ukungu huo bila kuonekana. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Sanduku limefungwa. Kufuli lina vumbi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefikiri kwa utaratibu. Sweta la kijani ni sare ya shule aliyosoma Damian. Wavulana zaidi ya mia nne wanalivaa. Kola hufumuka. Wengi wanapenda kompyuta, na bodi kama yetu si moja tu mjini. Fundi amefungua duka Januari, hakuwahi kumwona Damian, kwa hiyo hawezi kumtambua. Amemwona mvulana fulani akamdhania.

Nimeisoma hoja hii mara tatu na sioni kosa ndani yake.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imekata mfereji wetu juu ya kihamba, shamba letu la nyumbani. Baba na jirani wamekuwa huko tangu asubuhi. Kahawa inachanua lakini baba hata haitazami, wanunuzi wa mwaka jana walimkatisha tamaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi, kwenye kipindi cha Dini, nilipiga hesabu pembeni mwa daftari. Athlon ile ya 1800+ haikimbii 1800. Kasi ya prosesa ni namba yake mara basi ya bodi, na hii ni kumi na moja na nusu mara 133. Lakini bodi yetu ni ya mia. Kwa hiyo ikiwekwa kwetu itakuwa kumi na moja na nusu mara mia, yaani 1150 tu. Duron ni kumi na tatu mara mia, yaani 1300. Ile inayodharauliwa ndiyo yenye kasi zaidi kwenye bodi yetu. Nilifurahi mpaka Joyness, ninayekaa naye dawati moja, akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sikumwonyesha mtu. Nilienda dukani nikiwa nimeibeba kichwani kama yai.

Fundi aliniambia, "Kaka yako alikuja tena. Amenipigia hesabu nikaona aibu. Kumbe kwenye bodi yenu Duron inaipita Athlon."

Niliuliza ameandika wapi hesabu hiyo. Akasema hakuandika, alisema tu kwa mdomo. Niliuliza ana sauti gani. Fundi alinitazama kwa mshangao. "Sauti ya kaka yako hujui wewe?"

Alhamisi, 17 Aprili. Alhamisi Kuu

Nilikwenda kusema ukweli. Nilifanya mazoezi njiani: Fundi, kaka yangu ni marehemu, nisamehe. Maneno sita tu.

Nilipofika alinitangulia. Alisema mwambie Damian asiwe na maringo. Jana alimwona ng'ambo ya barabara akamwita kwa jina mara tatu, hakugeuka, akapita kama hamjui.

Nikaaga, nikaondoka na yale maneno sita.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kiburu cha ndizi na maharage, nyama. Tuko watatu. Mama alipakua sahani nne, kisha akarudisha moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Amekuja, fundi anasema. Dakika kumi kabla yangu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Duka limefungwa. Nimekaa kwenye ngazi za duka kutoka saa saba mpaka saa kumi. Hakupita mtu mwenye sweta la kijani.

Mimi sijamwona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hofu. Nimemsemea, nimemwandikia barua, nimemsomea bodi yake tundu kwa tundu, na anayemwona ni Mpare asiyemjua.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda saa sita, nimetoroka vipindi viwili. Nimekaa mwisho wa benchi mpaka saa tisa. Fundi aliona vibaya kuniuliza, akanipa chai. Hakuja. Nilipofika shuleni kuchukua mkoba nikakumbuka nimesahau mwavuli, nikarudi dukani. Fundi akasema, "Ninyi watoto mnanichezea. Ameinuka hapo ulipoinuka wewe."

Benchi lilikuwa na majimaji. Mvua ilikuwa inanyesha na kila mtu aliyekalia benchi siku hiyo alikuwa amelowa. Naliandika hilo ili nilisome kesho.

Jumatano, 14 Mei

Umebaki mwezi mmoja. Mama ameanza kupepeta ulezi wa mbege, pombe ya siku hiyo. Baba alimwomba ufunguo wa sanduku, mama akajifanya hakusikia.

Alhamisi, 22 Mei

Nimelipia Duron. Fundi hakunipa. Anasema prosesa hizi ziko uchi katikati. Mtu asiyejua akibana feni vibaya, kona inavunjika, na basi tena. Damian alimwambia anaogopa hilo, kwa hiyo atapanda mwenyewe Uru siku moja kuifunga naye.

Nikasema haina haja. Akasema ni kazi ya dakika ishirini. Nikasema kaka hayupo nyumbani. Akasema, "Basi yuko wapi? Kila Alhamisi yuko hapa."

Sitakwenda tena dukani. Naogopa kwenda, na naogopa kusema.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua inapungua. Mlima umeonekana kidogo asubuhi.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuweza kuandika.

Misa ilikuwa saa nne. Baada ya misa tulikwenda kihambani kwenye kaburi, tukasali, tukarudi uani. Wanaume walikaa upande wa zizi, wanawake upande wa jiko. Baba mkubwa Theodory alitandika mkeka. Mama alifungua sanduku mwenyewe. Nilidhani atalia, lakini alitoa nguo moja moja akizinyoosha kwa kiganja, kama mtu anayepanga za kuvaa kesho. Mashati mawili. Suruali. Viatu. Sweta la kijani. Kasha la kompyuta mimi ndiye niliyelibeba na kuliweka pembeni ya mkeka.

Baba mkubwa alikuwa ameshaita jina la kwanza, binamu yangu mmoja, apewe viatu. Ndipo akaingia fundi Ebenezeri kutoka njia ya migombani, matope mpaka magotini, na kiboksi mkononi.

Alisema, "Shikamooni wazee." Wakaitika. Wakamkaribisha mbege wakidhani ni mgeni wa misa. Akashukuru, akasema yeye hatumii, amekuja mara moja tu kumfungia Damian prosesa, kisha arudi.

Binamu yangu akabaki na kiatu kimoja mguuni.

Baba mkubwa aliuliza, "Damian yupi?"

"Huyu wa kwa mzee Primus," alisema, akimtaja baba yangu. "Wa kompyuta. Alhamisi tulikuwa naye dukani."

Mtu fulani upande wa wanaume alisema mgeni ameshakunywa alikotoka. Hakuna aliyecheka. Fundi alianza kuona kwamba kuna jambo. Alinitafuta kwa macho, nami nikatazama chini. Kisha akaona mkeka. Alinyoosha kidole polepole, kama mtoto anayeonyesha jibu ubaoni.

"Si sweta lake lile? Alikuwa nalo."

Mama alisimama. Nilifikiri atamfukuza. Alimsogelea mpaka akawa karibu kama watu wanaonong'onezana, akamuuliza, "Alikuwa na hali gani?"

Fundi alisema, "Mzima, mama. Amekonda kidogo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akarudi, akapiga magoti kwenye mkeka, akaanza kukusanya. Mashati. Suruali. Alimvua binamu yangu kiatu alichokuwa anakijaribu. Baba mkubwa alimshika mkono, akamwambia, shemeji, ukoo umekaa. Mama hakupandisha sauti.

"Huwezi kugawa nguo za mtu anayezivaa."

Alifunga sanduku. Watu wakaondoka mmoja mmoja na mbege ikabaki. Baba ndiye aliyempeleka fundi kaburini kumwonyesha. Waliporudi, fundi alinipa kile kiboksi bila kunitazama, akashuka.

Alhamisi, 19 Juni

Mama amevaa nguo za kanisani akashuka mjini peke yake. Amerudi jioni. Hakusema alikuwa wapi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la soko.

Jumapili, 22 Juni

Mama amepakua sahani nne. Safari hii hakurudisha. Baba alikula akiwa ameinamisha kichwa. Ile ya nne ilikaa mezani mpaka ikaganda.

Nimefanya nini?

Alhamisi, 26 Juni

Ameshuka tena. Nimemfuata kwa mbali baada ya shule. Amekaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, anatazama barabara. Fundi alikuwa ndani, amegeukia ukuta, anajifanya ana kazi. Wale wanaume wa benchi hawakuwepo.

Ijumaa, 27 Juni

Alfajiri nimekwenda mpakani mwa kihamba nikakata jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Sijawahi kupeleka isale kwa mtu. Ukiletewa isale hukatai kusamehe, hata kama ni damu, na ndiyo maana watu hawalipeleki ovyo. Nilichukua pia barua zote kutoka ndani ya kasha.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilipiga magoti nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikamwambia yote. Kwamba nilimdanganya fundi kwa jina la marehemu. Kwamba nilisema ananituma kwa kuwa naona aibu kusema mimi ndiye ninayetaka. Kwamba barua ni zangu, saba ni za kuiga.

Mama alifuta mikono, akasoma barua zote, za fundi na zangu, moja baada ya nyingine. Ndizi zilikuwa zinabadilika rangi.

Akauliza, "Habari ya sweta ulimwambia wewe?"

"Hapana, mama."

"Na hesabu?"

"Hapana."

Mlango ulikuwa wazi na ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye mafiga. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza bei ya ulezi:

"Nimekaa pale Alhamisi mbili. Wamepita wavulana wa sweta la kijani kumi na saba. Mmoja, wa jana, alisimama mbele ya kioo kile. Mgongo wake, Epifania, mgongo ule ule. Na kola imefumuka. Nikainuka. Akageuka, akanitazama usoni, akapita."

Niliuliza uso ulikuwa wa nani.

"Sikuuangalia uso. Nilisubiri shikamoo." Alichukua lile jani la isale akalilaza mapajani. "Nilimzaa mimi. Angekuwa kwenye moto, angenipa shikamoo kwanza. Yule hakunipa. Sijui ni nani yule, na sitaki kujua. Lakini si wangu."

Kisha akaniambia nimalizie ndizi. Na barua nizitie motoni mimi mwenyewe. Nimezitia.

Jumamosi, 28 Juni

Mama amemtuma mtu Sanya Juu kwa baba mkubwa. Jumapili ijayo ukoo utakaa tena.

Saa sita mchana alikuja chumbani kwangu na kiti. Alisema, "Hiyo prosesa umeilipia. Ifunge, niione."

Niliitoa kwenye kiboksi. Ni ndogo kuliko biskuti. Niliinua kikono cha soketi, nikailaza, ikazama yenyewe bila nguvu, miguu yote. Nikapaka juu yake ile dawa nyeupe ya kupoza, kidogo tu. Kubana feni ndiko nilikokuogopa, klipu ni ngumu na kona za prosesa zinavunjika. Mama aliona mikono yangu. Alishika feni isiyumbe, kama anavyoshika mtungi mtu mwingine akimimina, nami nikasukuma klipu kwa bisibisi mpaka ikaingia. Hakuna kilichopasuka.

Nikawasha. Feni ilizunguka. Mlio mmoja mfupi. Monita ikapata joto taratibu, kisha maandishi meupe yakatokea, na jina la prosesa, na 1300.

Halafu ikasimama. Betri ya saa kwenye bodi imekufa, kwa hiyo mashine haijui leo ni lini. Ilionyesha tarehe 1 Januari 2001, ikasubiri nithibitishe au nibadilishe.

Mama aliuliza inasema nini. Nikamweleza.

"Elfu mbili na moja," alisema. "Alikuwa anaingia kidato cha tatu. Tulimnunulia lile sweta Januari hiyo."

Sikugusa kitu. Feni ilikuwa inazunguka. Mama aliegemea mbele akaisogelea tarehe ile mpaka mwanga wake ukamwangaza kidevu, na nikajua kwamba kama ataniambia niiache nitaiacha, na itabaki hivyo.

Nje mtu alikuwa anapita njia ya migombani. Hatua zilifika usawa wa dirisha, zikasimama, kisha zikaendelea. Hakuna aliyebisha wala kusalimia. Mama hakugeuza kichwa.

"Weka ya leo," alisema.

Nikaandika 28, nikaandika 06, nikaandika 2003.